Njia ya Lubudi Haikuwa na Kichaka

Siku yangu ya kwanza kazini sikupima mtoto hata mmoja. Masera alinifunga aproni nyeupe iliyonishuka karibu na vifundo vya miguu, akanisimamisha kando ya mizani, akaniambia nitazame tu. Masera ndivyo tulivyowaita watawa wa kizungu, na huyu alikuwa mkubwa wa nyumba ya wazazi katika kambi yetu ya wachimba shaba pale Kolwezi. Alikuwa mrefu, uso umeiva kwa jua, na Kiswahili alichosema kilikuwa kile kile chetu cha kambini.

"Monika," aliniambia, "ba mama banaogopa. Banaogopa mizani, banaogopa na mi. We utakuwa katikati yetu. Usikuwe na haraka na mutu."

Kazi yenyewe niieleze kidogo, maana ninyi mnaoifanya leo mna vyombo vingine. Mizani yetu ilining'inia kwenye boriti, na kwenye ndoano yake kulikuwa na kitambaa kilichoshonwa kama mfuko. Mtoto aliingizwa humo uchi. Aliyelia hakutuhangaisha, aliyenyamaza ndiye tuliyemwangalia vizuri. Kisha unaweka kidole juu ya utosi, pale ambapo mfupa wa kichwa cha mtoto haujafunga. Utosi ukiwa umebonyea, mtoto amekaukiwa maji mwilini, na mama anaambiwa ampe maji yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko, asichoke. Maneno hayo niliyasema mpaka nikawa nayasema bila kufikiri.

Mume wangu, Pius, alikuwa kapita, yaani msimamizi, wa kikosi cha kutandika reli za mgodini. Wazazi wetu sote wawili walitoka Kasai kufuata kazi ya shaba. Sikuwa msichana nilipoanza, na labda ndiyo sababu wamama walinizoea upesi. Baada ya miaka kadhaa Masera alinipandisha cheo nikawa monitrisi, yaani yule anayeongoza wasaidizi na kuwafundisha wamama. Pamoja na cheo ikaja kazi ya kuzunguka. Kambi ndogo za njia ya reli hazikuwa na nyumba ya wazazi, kwa hiyo sisi ndio tuliozifuata: Lubudi kwa kamiyo, yaani lori, Kisenge kwa treni. Kwenye kamiyo Masera aliketi mbele na shoferi, mzee Kalenga. Mimi nilikaa nyuma chini ya turubai, pamoja na mizani iliyozungushiwa magunia, masanduku ya dawa, na wafanyakazi wanaume walioomba kusafirishwa. Ukitaka gari lisimame, unapiga bati la kabini kwa ngumi.

Nilizipenda safari zile. Halafu mwili wangu ukageuka.

Nilikuwa nakaribia miaka hamsini. Mwezi, maana yake damu ya kila mwezi, ulianza kuruka, ukarudi, ukaruka tena, mwishoni ukakatika kabisa. Joto lilinipanda shingoni hata asubuhi za baridi za mwezi wa sita. Hilo nililitegemea, kwa kuwa mama yangu aliwahi kulisema. Ambalo hakuna aliyewahi kunieleza ni habari ya mkojo. Ulianza kuniita kila wakati, na ukiita hausubiri. Nilikuwa nikifika nyumbani, nikigusa tu mlango, tayari. Nikikohoa, kidogo kinatoka. Nikicheka, vilevile. Nikaacha kucheka.

Siku moja hapo Kolwezi nilikuwa nimebeba mtoto mnene wa miezi minane, namwinua kumwingiza mizanini, nikapiga chafya. Nilihisi maji yakishuka mpaka kwenye viatu. Chumba kilijaa wamama wamekaa kwenye mabenchi wakinitazama. Pembeni yangu kulikuwa na beseni la kunawia. Nikalisukuma kwa nyonga kama aliyejikwaa, likanimwagikia kuanzia kiunoni kwenda chini. Wamama wakacheka, nami nikacheka kwa sauti, nikaenda kubadili nguo.

Mtaniuliza kwa nini niliogopa kiasi hicho. Kambini, mwanamke mwenye shida ya mkojo alikuwa na jina moja tu. Walisema ana maladi ya banamuke, ile ya kuletwa na wanaume wa nje. Nasi wafanyakazi wote tulipitishwa mbele ya munganga, yaani daktari, mara kwa mara, tukipewa chupa ya kukojolea. Ilisemwa kwamba mama mmoja wa kufulia nguo za wagonjwa alifukuzwa kwa sababu ya chupa ile. Mpaka leo sijui kama ni kweli, lakini wakati ule niliiamini.

Na mimi nilikuwa mwanamke anayesafiri na wanaume. Dada ya Pius aliishi safu ya pili kutoka kwetu. Vyoo vya kambi vilikuwa vya wote, mwisho wa njia, na mtu akienda huko kila mtu anamwona. Mchana mmoja nilipita mbio mbele ya mlango wake, mara ya nne au ya tano, nikamsikia akimwambia jirani bila hata kupunguza sauti:

"Muke ya ndugu yangu anatembea na kamiyo, na kila saa anakimbia choo. Ile ni maladi gani? Mi siseme kitu. Mi nauliza tu."

Nikapata dawa yangu mwenyewe: kuacha maji. Siku ya safari sikunywa kitu tangu kuamka. Siku za kazi nilinywa kikombe kimoja cha kahawa, basi. Mkojo ulikuwa mchache lakini mkali, ukaanza kunichoma, na badala ya kuniita mara chache ukaniita zaidi. Nikazidi kujinyima.

Kati ya Kolwezi na Lubudi kuna nyanda za Biano. Aliyepita huko anazijua. Ni nyasi tupu, macho yanakwenda mpaka yanachoka, hakuna mti wa kumficha mbuzi. Safari moja tulikuwa katikati ya nyanda hizo mkojo uliponikamata. Nyuma tulikuwa mimi na wanaume watatu wa reli. Nilibana miguu, nikauma midomo, nikahesabu nguzo za simu. Mwishowe nikapiga bati. Gari likasimama. Nikaruka chini, nikatazama kulia, nikatazama kushoto. Nyasi zilikuwa zimeungua kwa moto wa kiangazi, zimebaki vishina vyeusi. Wale wanaume walikuwa wamenyanyua turubai wapate hewa.

Mzee Kalenga akatoa kichwa dirishani. "Mama Monika, iko nini?"

"Kichefuchefu," nikasema. "Imeisha."

Nikapanda tena. Hatukufika mbali. Gari lilipoingia kwenye shimo, yote yalitoka. Nilikaa juu ya gunia, sikusogea, nikaomba vumbi linifunike mpaka nisionekane. Lubudi nilishuka wa mwisho, nikajifunga kikwembe cha pili, kitenge nilichobeba, juu ya kile cha kwanza. Masera alikuwa amesimama kando ya gari. Alinitazama, akatazama gunia, akarudisha macho kwangu.

"Leo hautasimama," alisema. "Utakaa, utaongea na ba mama. Mi nitapima."

Basi nikajua yamekwisha. Nilivyoielewa, ndivyo wakubwa wanavyoanza kumtoa mtu: leo unakaa, kesho unabaki nyumbani. Niliwaambia wamama wa Lubudi habari za uji na maji ya kuchemsha bila kusikia ninachosema.

Safari ya Kisenge ilikuja majuma machache baadaye. Treni ya kwenda upande wa Dilolo ilikuwa na choo mwisho wa behewa letu, lakini kilikuwa kimefungwa kwa msumari. Nilipanda bila kunywa tone tangu jana yake. Njiani kiuno kilianza kuniuma, nikatetemeka kwa baridi wakati wenzangu wanajipepea. Kwenye kituo kimoja nilishuka nikajisaidia nyuma ya ghala, nikaona mkojo una rangi ya chai ya rangi, na ndani yake nyuzi za damu. Sikumwambia mtu. Niliwaza Pius, nikawaza ile chupa, nikawaza dada ya Pius akiuliza tu.

Asubuhi ilipofika, pale Kisenge, nilisimama kwenye mizani kama kawaida. Mama mmoja kijana alinipa mtoto wake, nikaweka kidole juu ya utosi. Ulikuwa umebonyea.

"Mama, mutoto amekauka," nilimwambia. "Umupe maji. Pole pole, kidogo kidogo, lakini usi..."

Sikumaliza. Nilimrudishia mtoto wake, nikashika ukuta, ukuta ukanikimbia.

Nilizinduka kwenye kitanda cha dispanseri. Munganga alikuwa mzungu mgeni kwetu, hakujua Kiswahili. Efirmye wake, yaani nesi, kijana msafi mwenye kalamu mfukoni, ndiye aliyetafsiri, naye alitafsiri kwa sauti ya kusikika mpaka barazani.

"Munganga anauliza: ulilala na banaume wengine, inje ya bwana yako?"

Nilifumba macho. Akarudia swali, kwa sauti kubwa zaidi, akidhani nimeziba masikio. Ndipo nilipomsikia Masera akisema Kifaransa, maneno machache makavu, kisha Kiswahili: "We, toka. Funga mulango." Kijana akatoka. Masera akavuta kiti mpaka goti lake likagusa kitanda.

"Monika. Unakunywaka maji ngapi kwa siku?"

"Sikunywake, Masera."

"Juu ya nini?"

"Juu ya njia, haina na kichaka."

Akaniuliza mwezi ulikatika lini, mkojo unanichoma wapi, ninapokohoa inakuwaje. Kila jibu alimgeuzia munganga, naye akatikisa kichwa, akanibonyeza kiunoni nikapiga kelele, akapeleka mkojo wangu kutazamwa. Waliporudi walikuwa wamekubaliana. Haikuwa maladi ya wanaume. Kibofu kilikuwa kimeingiwa na wadudu, maana mkojo mchache uliokaa sana ni shamba lao, na walikuwa wameanza kupanda kwenye figo. Nilipewa vidonge, na kila kidonge glasi kubwa ya maji. Nilipoiona glasi nikaanza kulia.

Munganga alipotoka, Masera alibaki.

"Bataniondosha kazi?" nikamwuliza.

"Nani atakuondosha?"

"Pale Lubudi uliniambia nikae."

"Nilikuambia ukae juu nguo yako ilikuwa maji, na ba mama bangeona!" Uso wake ulizidi wekundu. Akatazama mlango, akainama. "Monika, mi mwezi yangu ilikatika mbele ya yako. Unazani hapa chini ya kanzu kuko nini? Kuko mwanamuke. Mi navaa bitambaa kila siku. Kila Kalenga anaingia mu shimo, naita majina ya Mungu, na haiko sala."

Sikujua kama nina ruhusa ya kucheka. Nilicheka. Kidogo kikatoka, na kwa mara ya kwanza sikujali.

Alinifundisha siku zile mbili tulizokaa Kisenge. Niyaandike hapa kwa sababu sikuyaona yakiandikwa popote wakati wetu. Umri ule ukifika, mwili unapunguza kile kilichokuwa kinalainisha na kukaza sehemu za chini, na kibofu kinakuwa chepesi kuudhika. Kukinyima maji ni kukichokoza. Kunywa kidogo kidogo mchana kutwa, upunguze jioni, na kahawa isiwe nyingi. Nenda chooni kabla hujaitwa, kwa mpango, halafu siku baada ya siku uurefushe muda wa katikati pole pole. Ukiitwa ghafla usikimbie. Simama, kaza kule chini kama unayekata mkojo, pumua, wito ukipita ndipo utembee. Mkazo huohuo uufanye kila siku hata umekaa. Vitambaa viwe vya pamba, vichemshwe, vianikwe juani, si uvunguni kwa aibu. Na ukiona damu, homa, au kuchoma, au mkojo unaotiririka bila kukoma tangu uzazi mgumu, hilo si la kungoja. Ni la munganga siku hiyohiyo.

Sikupona mara moja, wala sikupona kabisa. Lakini tangu safari ile, Masera aliagiza kamiyo isimame Biano mahali palepale kila tukipita. Wanaume walishuka upande mmoja, wakaambiwa watazame mbali. Upande wa pili Masera alinishikia kikwembe kimetandazwa kama ukuta, akitazama mbinguni. Kisha nikamshikia yeye. Upepo wa kule ni mkali, na mara nyingi tulipigana na kile kikwembe kama watu wanaotweka hema. Mzee Kalenga alikaa kabini, hakugeuka hata siku moja.

Ilibaki Pius. Niliporudi kutoka Kisenge alikuwa ananingoja amekaa, hajavua buti za kazi.

"Dada amekuja hapa," alisema. "Anasema uko mugonjwa, na unanificha."

"Ni kweli niko mugonjwa. Na nilikuficha."

Nikamwambia yote, tangu beseni mpaka swali la yule efirmye. Sikuweza kumtazama, niliongea nikiangalia buti. Nilipomaliza aliinuka. Alitoka akakaa barazani. Siku iliyofuata alikula bila kusema, na iliyofuata vilevile. Mikono yangu ilivunja sahani mbili juma lile. Nilikuwa nimekwisha kupanga kichwani nguo nitakazochukua akinirudisha kwetu.

Jumapili baada ya misa akasema, kama anayeendeleza mazungumzo ya jana:

"Mama yangu alikuwa na ile kitu. Shiye batoto tulimucheka. Tulimuita jina." Akakuna goti. "Alikufa tukingali tunamuita ile jina."

Jumatatu alirudi kutoka kazini na chungu cha kukojolea, cha bati jeupe chenye kifuniko, kutoka duka la Mgiriki, ili nisilazimike kutembea njia yote ile. Asubuhi iliyofuata, kabla ya king'ora cha mgodi, alikichukua mwenyewe. Kapita wa reli, mwenye watu chini yake, alipita safu nzima mpaka vyooni ameshika chungu kwa mikono miwili, akiwaamkia watu. Dada yake alikuwa mlangoni anafagia. Ufagio ulisimama. Hakuuliza tena kitu.

Tuliendelea hivyo miaka michache. Halafu ulifika mwaka wa uhuru, na baada ya sherehe zikaja habari za askari na risasi. Wazungu wa Kolwezi walianza kuondoka kwa magari kuelekea Rodezia. Masera hakutaka kwenda. Wakubwa wake walimwamuru. Nilimkuta uwanjani pa misheni amesimama kando ya kamiyo iliyojaa watu na masanduku, mkononi ana mfuko mmoja. Uso ulikuwa mtulivu. Mimi niliangalia mikono, ilikuwa inakunja na kukunjua kamba ya mfuko.

"Njia ni murefu," alisema. "Banasema hatutasimama. Ni hatari kusimama."

Nilielewa. Nilikimbia nyumbani, nikakusanya vitambaa vyote vilivyokuwa kwenye kamba, vimekauka vizuri, nikavifunga ndani ya kikwembe changu kipya, nikachukua na chupa ya maji. Niliporudi injini ilikuwa inanguruma. Alipokea furushi, akalibonyeza, akajua ni nini. Chupa akairudisha.

"Hapana, Monika. Leo sitakunywa."

"Masera, utakunywa."

"Monika..."

"Kunywa mbele yangu. Kidogo kidogo."

Alikunywa, macho yamejaa. Kisha wakamvuta juu, katikati ya wanaume waliosimama, na gari likaondoka. Mchana ule wote sikuweza kukaa. Kila saa niliwaza wako wapi sasa, kuna nini kando ya barabara. Baadaye padri mmoja alituambia walifika salama wote. Nilitaka kumwuliza kama gari lilisimama njiani. Lakini yeye alikuwa padri, nami nilikuwa na haya, nikamshukuru tu.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, chini ya madaktari wetu wenyewe. Wamama wakishapimiwa watoto, niliwabakiza wale bibi waliowasindikiza, nikafunga mlango, nikawauliza. Mwanzoni walitazama sakafu. Mmoja akisema, wote wanasema.

Nilipopumzishwa kazi waliniandalia karamu kwenye ukumbi. Mabenchi ya mbele walikaa wamama wa rika langu, wamefunga vilemba, wamekaa tangu asubuhi wakingoja wakubwa waliochelewa. Mkurugenzi alikuja na hotuba ndefu mkononi. Kwa heshima alinikaribisha niseme neno kwanza. Nilikuwa nimeandaa shukrani. Nilipowatazama wamama wale, nikaona mguu huu umebanwa juu ya ule, na nyuso zinazotabasamu kwa taabu.

"Tata Mkurugenzi, samahani," nikasema. "Mbele ya hotuba, ba mama baende kwanza inje."

Mtu mmoja akacheka. Kisha mama mmoja mnene wa benchi la kwanza akasimama, akajifunga kikwembe vizuri, akatoka bila kumtazama mtu. Akafuata wa pili. Halafu benchi zima likainuka, na la nyuma yake, wakaenda wakishikana mikono na kuongea kwa sauti, na Mkurugenzi akabaki amesimama na karatasi zake, akiwangoja.